Mkutano wa Hadhara wa Kikosi cha Chiwata

Jambo lote liligharimu mlango mmoja wa jikoni, koti moja la mtumba lililobaki bila vifungo, mihogo ya msimu mzima, maganda ya korosho nusu debe, na Jumamosi zangu za miaka kumi na moja. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza niliusahau mlango, kwa kuwa haukuwa wangu.

Naanza na gharama kwa sababu ndivyo tulivyozoea sokoni: mtu ajue bei kabla hajaanza kugeuzageuza bidhaa. Bidhaa yenyewe ni mzee mmoja, mtunza ghala la korosho, ambaye nimepigana naye vita vya Ulaya juu ya meza, miaka tisa Masasi na miwili Newala. Jina lake nalijua, ila sina haja ya kulitaja. Hata msikitini walimwita Mtunza Ghala, na mgeni akiuliza njia mtaani kwake aliambiwa hesabu nyumba kuanzia kwa Mtunza Ghala. Alikozaliwa sikuwahi kumuuliza, wala ukoo wake. Mwenyewe alikuwa akisema maandishi ya nje ya gunia hayaliwi.

Ninaandika sasa kwa sababu miezi mitano iliyopita alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na ulimi ukalala nao. Mkono umeanza kuamka. Ulimi, kwa maelezo ya daktari, unataka kazi tu. Ukipewa kazi utarudi, usipopewa utazoea kulala. Na yeye hataki kuupa. Hayo aliniambia binti yake, Mama Faraji, kwa simu, akiwa amejifungia jikoni ili baba asisikie. Alisema amejaribu dua, amejaribu kubembeleza, amejaribu kugomba, na baba anaishia kugeukia ukutani. Kilichobaki, alisema, ni mimi na vile vijiti vyetu.

Basi nieleze vijiti.

Mimi nauza mitumba Masasi. Siku ya kwanza mzee huyu kufika kibandani kwangu alishika koti zito la rangi ya samli, koti ambalo kwa joto letu lingemfaa maiti tu, akaanza kuuliza bei kwa sauti ya mtu asiyelitaka. Nilitaja yangu. Akataja nusu. Nikashuka kidogo, naye akapanda kidogo zaidi ya nilivyoshuka, jambo ambalo hakuna mnunuzi mwenye akili anayelifanya, nikajua hapa kuna kitu. Tulipokubaliana alitoa kisu kidogo mfukoni, akakata vifungo vyote kumi na vinne vya shaba, akavihesabu, akanirudishia koti.

"Hili utaliuza tena," akasema.

Nikamuuliza vifungo ni vya nini. Akasema ni magurudumu ya mizinga. Alisema hivyo kama mtu anayesema vya shati, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata nikamfuata hadi kwake kuona hiyo mizinga, kwa sababu katika biashara yangu mteja usiyemwelewa ni hasara.

Nilikuta meza iliyotengenezwa kwa mlango wa jikoni ulionyofolewa na kulazwa juu ya mapipa mawili. Jikoni kwenyewe palining'inizwa khanga. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele. Alinikaribisha vizuri, akanong'ona, "Mama Salma, kama utacheza naye na ukashinda, wewe usidai kingine. Dai mlango."

Kitabu cha mchezo kilitoka Lulindi. Mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akifundisha hisabati aliacha sanduku alipoondoka, lenye redio mbovu, viatu vya mvua na kitabu cha Kiingereza cha sheria za kupigana vita vya mezani. Mtunza Ghala alilichukua kwa ajili ya redio. Redio haikupona. Kitabu akakisoma kwa kamusi miezi minane, neno kwa neno, kwa ukaidi uleule aliokagulia magunia. Vita vilikuwa vya zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, enzi za yule Kaizari wa Wafaransa aliyeitaka Ulaya yote iwe shamba lake, na bunduki zilikuwa za kushindilia baruti kwa mdomo. Yeye alichukua Wafaransa. Mimi nikapewa Waingereza, kwa sababu, alisema, nina tabia ya kukaa nyuma ya ukuta nikisubiri mwenzangu achoke.

Sheria zenyewe si ngumu. Vijiti ishirini na vinne ni kikosi. Vikosi vinne ni brigedi, brigedi tatu ni divisheni, na kila ngazi ina kamanda wake. Unapima mwendo kwa rula. Lakini ambacho kitabu kilikihangaikia kuliko risasi ni kitu tulichokiita moyo. Kila kikosi kina moyo wake. Kikipigwa sana, au jirani yake akikimbia, au kamanda wake akianguka, kikosi kinapimwa moyo. Kikishindwa mara moja kinayumba. Kikishindwa tena kinavunjika, kinarudi mbio hadi ukingo wa meza. Pale ukingoni kinasubiri zamu moja tu, usipokirudisha, kimeondoka.

Kukirudisha, kitabu kilisema, kunafanyika kwa rali. Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ninaloliheshimu hadi leo. Kamusi ilitoa maana mbili: mashindano ya magari, na mkutano wa hadhara. Alinisomea zote mbili, tukakaa tukapima. Magari enzi zile hayakuwapo. Kwa hiyo ni mkutano.

Ndiyo kusema kwamba, kwenye ule mlango wa Masasi, kikosi kikivunjika kamanda alitakiwa asimame, kwa miguu yake mwenyewe, akihutubie. Adui anasikiliza. Adui ndiye hakimu. Hotuba ikimgusa anatoa maganda, kuanzia moja hadi sita, kadiri ilivyomgusa, na mhutubiaji anayarusha. Yakilala chali mawili au zaidi, kikosi kinarudi.

Maganda ni ya korosho, yaliyopasuliwa nusu kwa nusu. Kitabu kilitaka dadu, lakini Mtunza Ghala alisema dadu haiingii nyumbani kwake, ni kamari hata kama hakuna kinachowekwa. Tukaanza na korosho zilizobanguliwa, zikawa zinaliwa. Mmoja wetu alikula nusu ya bahati yake kabla ya saa sita. Simtaji, ila nilikuwa na njaa. Tukahamia kwenye maganda.

Askari wa kwanza walikuwa vipande vya mti wa muhogo. Vina vifundo, ukivitazama kwa mbali vina sura za watu wenye mabega. Alikata mia tano na sabini na sita kwa mkono wake, akavipanga kwa brigedi darini. Mvua zikaingia. Siku tulipopanda kuvichukua, divisheni nzima ilikuwa imechipua majani. Nilicheka mpaka nikashika ngazi. Yeye hakucheka. Alikitazama kikosi kimoja kwa muda, akasema angalau hawa wana nia ya kuishi. Vile vilivyochipua vizuri alivipanda nyuma ya nyumba, akatengeneza jeshi jingine kwa mianzi. Mihogo tuliila mwaka uliofuata, na kila sahani ilipoletwa aliuliza hii ni kikosi gani.

Vikosi vyake vilikuwa na majina ya vijiji na miji ya kwetu: Nanganga, Lulindi, Chiwata, na kadhalika. Walinzi wa Kaizari waliitwa Newala, kwa sababu wako juu mlimani na wanajiona. Chiwata walikuwa makuruta, mianzi myembamba iliyobaki mwishoni, na walikimbia kuliko kikosi chochote katika historia ya vita. Nilihesabu: katika miaka yote kumi na moja walivunjika mara sitini na tatu. Nikahesabu tena, zikawa sitini na nne.

Kuhusu moyo wa askari alikuwa na elimu yake, na hakuitoa kitabuni. Aliitoa ghalani. Alisema gunia moja lenye unyevu halikai na unyevu wake peke yake. Ukiliweka katikati ya lundo kwa sababu ya uvivu wa kulitoa, baada ya wiki tatu unafungua lililo zuri unakuta ukungu. Ndivyo woga ulivyo. Kikosi kinachoyumba usikiache bega kwa bega na kizima ukidhani kizima kitakisaidia. Kitoe, kianike, kirudishe. Mimi nilikuwa na desturi ya kuwasukuma waliochoka waende tu kwa kuwa wamebaki hatua chache. Alinipiga kwa kosa hilo miaka miwili mfululizo kabla sijalikubali.

Kila kikosi alikipa kizibo kimoja cha soda. Ndilo sufuria lao. Kikosi kikienda mbali na kizibo chake zaidi ya rula moja, moyo unashuka. Hii nayo haikuwa kitabuni. Nilipompinga, aliniuliza kama nimewahi kumuona kuli akibeba vizuri huku hajui chakula cha mchana kinapikwa wapi. Sikuwa nimemuona. Na kabla ya vita alizunguka meza yote, akinyoosha mianzi iliyoinama kwa kidole, akiuliza kwa sauti ya chini, "Hawa wamekula?" Nilikuwa namjibu wamekula, mzee, tuanze, jua linakwenda.

Lakini hotuba. Mtu huyu, ambaye ghalani aliongea kwa namba tu, unyevu kadhaa, uzito kadhaa, rudisha, pokea, alipokuwa mbele ya vijiti vilivyovunjika alikuwa mtu mwingine. Hakupaza sauti. Aliinama hadi macho yake yakawa sawa nao. Ninayo moja kichwani neno kwa neno, ya Nanganga, siku nilipowapiga kwa mizinga kutoka kilimani.

"Nyie wa Nanganga. Nimewaona. Na mimi ningekimbia, tena mngeniona mbele yenu. Sasa huyu Mama Salma anadhani mmekwenda kunywa chai. Mwacheni adhani. Pale nyuma ya ukuta pana kivuli. Simameni pale kwanza. Hatupigani. Tunasimama tu."

Nilimpa maganda matatu. Akadai matano. Nikamwambia hiyo ya kunitaja jina mbele ya askari ni utovu wa adabu, imeshusha bei. Tukamaliza kwa manne. Yakalala chali matatu, na Nanganga, ambao walikuwa hawapigani, wanasimama tu, wakanizuia ukutani mpaka magharibi.

Nilimuuliza kwa nini hawaambii kamwe waache woga. Mimi hotuba zangu zote zilikuwa za kukemea, niliwauliza Waingereza wangu kama wanawake wa Masasi watawapikia tena, na yeye alinipa ganda moja, mawili akiwa na furaha. Akasema mtu aliyekimbia hana shida ya sababu, sababu anazo nyingi. Ana shida ya mahali. Mwonyeshe mahali pa kusimama, na pasiwe mbali.

Utadhani mtu mwenye maarifa hayo alikuwa mtamu kwa watu. Hapana. Mkewe alikuwa akisema vijiti vinahutubiwa, yeye anaulizwa maji yako wapi. Mkwewe alileta ghalani korosho mbichi, mzee akazirudisha mbele ya watu, na harusi ilikuwa haijapoa. Akikasirika Kiswahili kilimwishia, akahamia Chimakonde, na hapo hata wasiokijua walielewa. Aliogopa kuku. Sijui zaidi ya hapo. Jogoo akiingia uani, Kaizari wa Wafaransa alipanda juu ya kiti.

Msimu mmoja makuli waliketi chini. Malori yamepangwa barabarani, korosho zimejaa mpaka mlangoni, nao wameketi kwa sababu chakula kilichelewa siku ya tatu. Nilikuwepo, nilikwenda kuwauzia kofia. Mtunza Ghala alisimama mbele yao akiwasomea karatasi ya utaratibu, ibara kwa ibara, na kila ibara iliwazidishia uzito wa makalio. Nilisogea karibu nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mzee, kikosi kimevunjika, wewe unakisomea sheria."

Alinitazama kwa hasira ya kweli. Halafu akakunja karatasi. Akawaendea, akachuchumaa, jambo ambalo hawakuwahi kumwona akilifanya, akawaambia amewaona. Akasema na yeye angeketi. Sufuria akaamuru liletwe lipikiwe palepale mlangoni pa ghala, waone moshi. Akaomba lori moja tu, la kwanza, mengine watajadili. Walipakia lori moja. Wakala. Wakapakia matano. Hakunishukuru, na Jumamosi ile alinipiga vibaya kuliko kawaida, nadhani kwa sababu nilikuwa nimemwona akijifunza.

Mlango nao aliurudisha, kwa njia yake. Mkewe aliposafiri kwenda msibani, aliweka mlango mpya. Mama wa watu aliporudi aliufungua, akaufunga, akasema unakwaruza. Lakini nilimwona akiufungua na kuufunga mara nyingi jioni ile bila kuwa na kazi jikoni.

Siku moja akaja bwana mmoja wa halmashauri, mtu wa Kanda ya Ziwa, msomi, aliyesikia habari za mchezo akaomba kutazama. Alitazama, akasoma kitabu chetu, kisha kwa upole kabisa akatueleza kwamba tumekosea. Rali kwa wanajeshi si mkutano. Ni kuwakusanya tu waliotawanyika. Unarusha dadu, basi, hakuna hotuba. Tulikuwa tumehutubia miaka sita. Mtunza Ghala akamshukuru, tukajaribu mchezo mmoja kwa kanuni sahihi. Uliisha kabla ya adhuhuri. Vikosi vilivunjika na kurudi, vilivunjika na kurudi, na hakuna aliyemjali yeyote. Bwana alipoaga, mzee akafunga kitabu.

"Basi Waingereza walikosea kuandika," akasema.

Alipostaafu, mkewe akiwa ameshafariki, alihamia Newala kwa binti yake, na mlango ukapanda naye juu ya lori la chumvi. Nami nikawa napanda kila nilipopata sababu ya mzigo. Kona za mlimani nimezihesabu mara mbili, kwenda na kurudi, na hazijawahi kulingana. Newala kuna baridi asubuhi, ukungu unaingia hadi sebuleni, na lile koti lisilo na vifungo hatimaye lilipata mtu. Lilinipata mimi.

Ndipo kiharusi, na ile simu ya kutoka jikoni.

Nilifika Jumamosi iliyopita. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono, amenyolewa vizuri, amevalishwa kofia. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee."

Mtu wa huku haachi shikamoo ining'inie. Hata mgonjwa, hata aliyekukasirikia, marahaba inatoka yenyewe, kama kikohozi. Yake haikutoka. Aliinua mkono wa kushoto. Nilibaki pale na salamu yangu kama mtu aliyebebeshwa kitu na mwenyewe kaondoka.

Mlango ulikuwa umeshapangwa. Mama Faraji alikuwa amevitoa vijiti vyote, na mzee alikuwa amevipanga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, tangu alfajiri. Nilizunguka nikavikagua. Vikosi kumi na viwili, brigedi tatu, hakuna mwanzi ulioinama. Mpango wangu ulikuwa mwepisi. Nivunje kikosi kimoja, kimoja tu, chochote. Kikivunjika, lazima ahutubie. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja nilitoka nyuma ya ukuta wangu nikashambulia.

Alinielewa kabla ya zamu ya pili. Niliona macho yake yalivyonipima, ni yale aliyokuwa akiwapimia watu wanaoficha korosho mbichi katikati ya kavu. Na tangu hapo akapanga jeshi ambalo sijawahi kuliona. Kila kikosi cha mbele kilikuwa na mwenzake nyuma. Nikikipiga, kabla hakijayumba kilikuwa kimeshatolewa kikaanikwe na kizima kimeingia. Mlima aliniachia bila kugombea. Askari wangu wa farasi, kila walikogeukia, walikuta mraba wa mianzi uliotazama nje pande zote nne. Mtu alikuwa analinda ulimi wake kwa divisheni nzima, na analinda vizuri kuliko alivyowahi kumlinda Kaizari. Mpaka adhuhuri hakuna hata kikosi kimoja kilichotikisika. Alisali kwenye kiti, akarudi, tukaendelea. Mama Faraji alileta chai, akanitazama, nikatikisa kichwa.

Baada ya alasiri niliacha kuwapiga watu. Nilipeleka farasi watatu waliobaki wakazunguke upande wa korongo, wakachukue kizibo cha Chiwata.

Hawakumpiga mtu. Walichukua sufuria tu. Moyo wa Chiwata ukashuka, jirani yao akarudi nyuma hatua moja kujipanga, nao wakadhani anakimbia. Mzee akarusha maganda kuwapima moyo. Kifudifudi. Wakayumba. Zamu iliyofuata akarusha tena, yote sita kifudifudi, na mara ya sitini na nne, au tano, Chiwata wakavunjika, wakakimbia hadi ukingo wa mlango, mbele ya tumbo lake.

Nilisoma kanuni kama hakimu. "Mzee, Chiwata wanaondoka. Utawafanyia mkutano, au waende?"

Akaninyooshea kidole, akageuza kidole kwa vijiti. Mimi niwahutubie kwa niaba yake.

"Mimi kamanda wa Waingereza," nikamwambia. "Wafaransa hawatasikia lugha yangu."

Akageuza uso kuelekea ukutani. Mama Faraji alikuwa mlangoni pa sebule na bakuli la mihogo, hakuingia wala hakutoka. Nilifikiri nimeharibu. Nilifikiri sasa hata vijiti hatavitaka tena, nimemwondolea kitu cha mwisho alichokuwa anaweza kukifanya bila kusema. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono niwaondoe Chiwata mezani, nimsitiri aibu.

Akaushika mkono wangu kwa wa kushoto, akauweka kando. Akainama. Ilimchukua muda kuinama, upande mmoja haukubali, lakini aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na mianzi.

"Chi... Chiwata," akasema.

Sauti ilikuwa kama ya kitu kinachoburutwa sakafuni. Jasho lilimtoka, na Newala kulikuwa na baridi.

"Nime... nimewaona."

Akapumzika. Hakuna aliyemsaidia. Kidole chake kikaenda kwenye sehemu tupu ya meza, si mbali, kama upana wa kiganja.

"Simameni. Hapa."

Maneno manne. Saa ya ukutani ilisema dakika sita. Nilizihesabu mara moja tu, sikuweza kurudia. Mama Faraji aliketi chini na bakuli lake.

Mzee akainuka polepole, akanyoosha mkono wa kushoto kuomba maganda. Nilikuwa nayo sita kiganjani. Nami, ambaye nimempunguzia mtu huyu maganda kwa sababu ya kikohozi, kwa sababu ya kunitaja, kwa sababu ya mvua, nikakwama. Nikimpa sita atajua ni sadaka, na yeye alirudisha hata korosho za mkwewe. Nikimpa mawili nitakuwa nimesema uongo. Aliona nimekwama. Akaweka vidole vitano juu.

Anadai matano.

Nilirudisha maganda kwenye kopo. Nikasema nahitaji kufikiri, vita visimame palepale, asiguse mtu. Katika maisha yangu yote ya kuuza sijawahi kuomba muda mbele ya mteja. Nilivaa koti langu, nikashuka mlima.

Jumapili asubuhi simu ikaita. Mama Faraji alikuwa jikoni tena, ila hakuwa ananong'ona. "Shangazi, ameuliza."

"Ameuliza nini?"

"Ameamka, amekaa kitandani, akasema: Ngapi?"

Jumatatu akauliza tena, ngapi, akaongeza jina langu. Jumanne alisema, "Mama Salma mwizi," na Mama Faraji anasema hilo la mwisho lilitoka safi kabisa, halikukwama popote. Jana alimwagiza binti yake anipigie, kisha akachukua simu mwenyewe. Nilisikia pumzi yake muda mrefu. Nikamwambia shikamoo. Nikasubiri. Ikaja, imevunjika katikati, lakini ikaja, marahaba, na nyuma yake ngapi.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi napanda, na Chiwata bado wako ukingoni wananisubiri. Nikimpa matano anayoyadai, biashara imefungwa, na mteja aliyepata bei yake hana sababu ya kuendelea kusema. Nikimpa matatu atagomba, na kugomba kunataka maneno mengi. Lakini hotuba ile, haki ya Mungu, nimeipima mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa ya sita. Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, na hasa kama umewahi kumuuguza mtu au kupunguzana bei na mtu unayempenda, naomba ushauri wako kabla ya keshokutwa: nimpe mangapi, na nimpe lini?